Weka tiki MOJA tu mkuu, hizo zingine usiguse

Simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Umesema fomu ya kuomba chuo inafunguka nyeupe na kitufe cha kutuma hakijibu, halafu kuna jamaa kakwambia ingia Chrome ufute "kila kitu tangu mwanzo". Huyo jamaa simjui ila namjua. Wangu alikuwa fundi wa pale Mwanjelwa, maneno mengi, kaja steshenari kwangu fomu ikiwa imegoma hivyo hivyo, kabonyeza Ctrl+Shift+Delete, kachagua muda wote, akaanza kuweka tiki kila kiboksi kama mwalimu anasahihisha daftari la mwanae. Na mimi nimesimama namtolea macho, tena soda nimemnunulia mimi.

Ukurasa ukafunguka kweli, sikatai. Kesho yake anakuja mama wa Tukuyu kuangalia maombi ya binti yake, naweka barua pepe, nenosiri halijijazi. Najaribu la mteja mwingine, kimya. Nikasema poa, kwenye simu yapo. Aisee, na kwenye simu hamna! Kumbe simu na kompyuta nimezisinki akaunti moja ya Google, ukifuta nenosiri huku, kule nako linafutika. Wateja wengine tukabadilisha manenosiri kwa kodi za meseji (zile namba za uthibitisho) yakaisha, ila akaunti ya yule binti ilisajiliwa na laini iliyopotea zamani, kodi zinaenda kusikojulikana na dirisha la maombi linakaribia kufungwa, mama kakaa kwenye benchi langu ananiangalia tu. Nampigia fundi ananijibu "si ulitaka ukurasa ufunguke?" Na hela ya "sevisi" alishakula huyo.

Sasa sikia, tiki MOJA: ile ya picha na faili za kache. Hayo ni mafaili ya ukurasa ambayo brauza inayatunza isiyashushe upya kila ukiingia, wenye mfumo wakibadilisha kitu halafu wewe bado una faili la zamani ndo unakuta vitufe vimekufa. Tiki ya kuki (vifaili ambavyo tovuti inakukumbukia navyo) inakutoa kwenye akaunti zako, na kama fomu ilikuwa inatunza rasimu humo humo kwenye brauza nayo imekwenda. Tiki ya manenosiri ukiiona TOA. Angalia tena kama umetoa.

Na hata kabla ya hapo bonyeza Ctrl+F5 kwanza, hiyo inalazimisha ukurasa ushuke upya bila kufuta kitu chako. Mara nyingi inatosha, fundi angenionyesha hiyo ningemnunulia na chipsi. Kwa simu ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi ya Chrome, utakuta futa kache na futa data, ya pili kaa nayo mbali.

Wewe ukifika kwenye hivyo viboksi piga skrinshoti weka hapa kabla hujabonyeza futa, nipo hewani.