Foleni ndefu, kori zimelala: tununue seva ya pili?

SWALI: Chuoni kwetu Chake Chake tuna seva moja ya kori 32 (kori ni kitengo cha kuchakata kazi ndani ya kompyuta). Watu huweka nafasi kwenye daftari, wa mwanzo kufika ndiye wa mwanzo kutumia. Foleni haishi, na huku naona kori nyingine hazina kazi. Fundi anatushauri tununue seva ya pili na programu ya akili bandia ya kupangia ratiba. Tumsikilize?

JIBU: Msimsikilize. Daftari lenu linajua nani kafika lini, lakini halioni mapengo. Tuseme sasa ni saa sita mchana, na kuna kazi iliyoshika kori 24 mpaka saa kumi. Anayefuata anataka zote 32, basi anangoja. Nyuma yake yupo mwanafunzi wa kori 8, masaa mawili tu, naye mnamngojesha! Mpitisheni. Saa nane keshamaliza, na yule wa kori 32 ataanza saa kumi vilevile. Kujaza mapengo namna hii kulianza kwenye kompyuta ya IBM SP ya maabara ya Argonne, Marekani, miaka ya 1990, na leo kumo ndani ya Slurm, programu ya kupangia foleni ya kazi kwenye seva, ambayo ni ya bure.

Kinachonichosha ni ile kelele ya "kapitishiwa mlango wa nyuma". Kamchelewesha nani? Angeomba masaa sita, hapo sawa, angemzuia mwenzake, na programu ingemkatalia.

Wezi wa foleni khasa ni wanaoandika masaa 24 kwa kazi ya masaa mawili, eti tahadhari. Programu inawaamini, pengo la masaa manne haliwatoshi, wanabaki nyuma na kulalamika. Wakadirie kwa kupima kazi ndogo kwanza, waongeze kidogo, maana Slurm hukata kazi iliyopitisha muda wake. Seva ya pili mtaijaza uongo uleule.

Halafu saa zetu. Saa nane mchana kwa mashine ni 14:00. Nimeona mtu kaandika 8:00, nafasi yake ikafunguka asubuhi yeye yuko nyumbani, akaja mchana imeshapita.

Wauzaji wa hizi programu wamezagaa siku hizi, Unguja na Pemba. Kabla hamjatoa hata shilingi, muulizeni muuzaji: kazi fupi ikiruka foleni, programu yako inamlinda wa mbele peke yake, au kila aliyeahidiwa saa? Akianza kuwasomea sifa za akili bandia, mpeni chai aende zake.