Kwa Mwenye Karakana ya Baiskeli Anayetamani Mashindano ya Masafa Marefu

Ikiwa ndiyo kwanza unaanzisha kampuni ndogo ya baiskeli, na huku unatamani Tour Divide, yaani mbio za baiskeli za takriban kilomita 4,400 kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Mexico, anza na kalenda ya fedha kabla ya kalenda ya mazoezi. Msafara huondoka Juni, na katika nchi za kaskazini huo ni msimu wa mauzo: fremu ulizozitolea malipo ya awali miezi kadhaa nyuma zinawasili, salio linadaiwa, nawe uko milimani bila mtandao.

Katika mbio hizi saa ya mashindano haisimami mtu anapolala, kwa hiyo usingizi ndio wa kwanza kupunguzwa, na akili iliyonyimwa usingizi haitambui upungufu wake. Mwaka wangu wa kwanza niliidhinisha oda kwa simu nikiwa nimelala saa 5 tu katika siku mbili. Nilisoma safu isiyo sahihi ya vipimo, na fremu kubwa kupita kiasi zikakaa ghalani muda mrefu. Tangu hapo mwenzangu ndiye anayetia saini malipo ninapokuwa njiani, nami siamui jambo lolote la fedha kabla ya siku 10 kupita tangu nirudi.

Mikono nayo huchelewa kupona. Neva ya kiganja ikikandamizwa na usukani, kidole kidogo na cha pete huweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa, na fundi asiyehisi vidole vyake asikaze spoki za gurudumu la mteja.

Kumbuka pia kwamba kanuni ya kujitegemea hukataza msaada usiopatikana kwa kila mshindani. Kumwagiza wakala wako akusubiri njiani na tairi ni kuivunja, hata kama tairi ni mali yako.

Wengi wetu hudai kwamba tunashindana ili kuijaribu bidhaa. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwani tope hufichua beringi dhaifu na mikoba inayochubua rangi ya fremu, lakini baiskeli moja chini ya mpanda mmoja haithibitishi uimara wa toleo zima. Mimi gharama za mashindano naziandika kuwa matumizi yangu binafsi, si matangazo; sijawahi kuona mauzo yakipanda kwa sababu nilimaliza mbio.