Babu aliandika: "Hapa Mnyampala amekosea"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa baba alifundisha shule za vijijini Dodoma mpaka akastaafu. Alifariki mwaka jana. Katika sanduku lake la bati tumekuta madaftari manne ya habari za koo, njaa na watemi wa Ugogo. Pembeni mwa kurasa tatu ameandika kwa wino mwekundu: "Hapa Mnyampala amekosea." Huyo Mnyampala ni nani? Na madaftari tuyafanyeje? Shangazi anataka tugawane, kila nyumba daftari moja.
Mjukuu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mjukuu, na poleni kwa msiba. Wino mwekundu! Huyo mzee alikuwa mwalimu hasa. Hata mwenye kitabu kasahihishiwa.

Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 Ihumwa, hapo mashariki ya Dodoma mjini. Sisi wa rika langu tunamjua kwa ngonjera. Tulipangwa mstari mbele ya wazazi, huyu anapinga, yule anamjibu kwa beti, na aliyesahau ubeti alikiona cha moto jioni. Aliongoza UKUTA, chama cha washairi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilibeba siasa ya ujamaa mpaka vijijini ambako gazeti halikufika. Alifariki 1969, ana miaka 51 tu.

Babu yako, lakini, hakuwa anagombana na ngonjera. Alikuwa na kitabu kingine cha Mnyampala mkononi: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka 1954. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mgogo kaandika habari za Wagogo, na kaziandika kwa Kiswahili, ili Mpare na Mmakonde nao wasome. Mwaka 1995 Mmarekani Gregory Maddox aliitoa kwa Kiingereza, na siku hizi hiyo ya Kiingereza ndiyo rahisi kuipata. Inaniuma kidogo, nisiseme uongo.

Sasa, habari za koo hazijawahi kukosa ubishi. Koo za Ugogo hutaja asili mbalimbali: wengine Uhehe, wengine Unyamwezi, na kadhalika. Nani alitangulia kufika, nani alikuwa na uwezo wa kuleta mvua, nani alipewa ardhi na nani? Ukiuliza hayo kilabuni utaondoka na majibu matano. Mnyampala aliuliza wazee wake, babu yako kawauliza wa kwake. Kwa hiyo zile kurasa tatu si aibu ya Mnyampala. Ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa sababu zinatunza upande ambao kitabu hakikuusikia.

Angalia pia alivyoandika kuhusu Mtunya, ile njaa iliyoanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuendelea baada yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Mnyampala alizaliwa njaa hiyo ikiwa mlangoni. Bibi yangu mzaa mama hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa, alisema tu, "Mtunya ilinikuta natambaa." Kama babu yako ameandika "mwaka wa nzige" au "mwaka wa Mtunya", msimgeuzie kuwa tarehe. Nakilini vilevile, na makosa yake ya herufi.

Kuhusu shangazi: mwambieni hapana, kwa adabu. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa baraza, naye aliandika sana. Tuligawana. Daftari moja nililikuta miaka miwili baadaye limebaki jalada. Kurasa zilifungia karanga.

Pigeni picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, bila mwanga mkali wa simu, na hao wa nyumba zote wapewe picha. Pini zilizoshika kutu zitoeni taratibu. Selotepu msiiguse, inageuka manjano na kula karatasi. Sanduku liwekwe juu ya meza, mbali na ukuta, maana mchwa wa kwetu mnawajua. Baadaye mkiona vema, ulizeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jinsi ya kuyahifadhi.

Kabla ya yote hayo, nendeni kijijini na zile kurasa tatu, mkamsomee mzee yeyote aliye hai anayezijua hizo koo. Mmoja ashike kalamu. Na mimi naomba picha ya ukurasa wa kwanza wenye wino mwekundu. Nakala yangu ya Mnyampala iko hapa mezani, nimeshaifungua.