Usimpe mtu wa msasa wembe wa nkambo

SWALI: Papa fundi, jambo. Nkambo wetu, yaani babu, alikuwa kinyozi katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, hapa Lubumbashi. Alipokufa, mama alirithi wembe wake wa kukunja, na sasa umenifikia mimi. Shingoni mwa chuma kuna vijitu viwili vimesimama bega kwa bega, na maneno J. A. Henckels, Zwillingswerk, Solingen. Kwenye kasha lake kumeandikwa 1731. Ubapani kuna neno Silberstahl, mpini ni mweusi, na kutu imeanza hapa na pale. Kijana mmoja wa mtaani anasema wembe una karibu miaka mia tatu, chuma chake kimechanganywa na fedha, na nikimpa dola 20 aung'arishe atanitafutia mnunuzi wa dola 2,000. Ni wa mwaka gani kweli? Bei yake ni ipi? Nimpe aung'arishe? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, nianze na swali la mwisho, maana huenda kijana yuko mlangoni sasa hivi. Usimpe.

Mvua zinapoanza, Novemba hivi, watu hufungua masanduku ya wazee kuangalia kama maji yameingia, na mimi huletewa nyembe. Nyingi zinanifikia zikiwa zimeshang'arishwa. Zinametameta kama vijiko vya arusi na hazina jina. Mwenyewe anatabasamu akisubiri nimtajie bei, na mimi natafuta pa kuangalia.

Chapa ya shingoni iligongwa kiwandani, na kina chake ni kidogo kuliko unene wa kucha yako. Jiwe la umeme likipita mara mbili, vijitu wale wawili wanakuwa kivuli. Likipita mara ya tatu, hawapo. Maneno ya ubapani ni mepesi zaidi, maana hayakugongwa, yalichorwa kwa asidi, na mara nyingi yalipakwa dhahabu nyembamba sana. Hayo yanatoka hata kwa msasa laini wa mkono. Na mtu anayenunua wembe wa zamani ananunua kwanza maandishi hayo. Ukiyafuta umembakizia kipande cha chuma tu.

Kuna na moto, ambao vijana hawa hawaujui kabisa. Wembe huo ni chuma cha kaboni kilichopashwa moto, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 200 hivi ili kisivunjike kama kioo. Ubapa wa Solingen umechimbwa pande zote mbili, na karibu na makali ni mwembamba kiasi kwamba ukiusukuma kidogo kwa ukucha unapinda. Sehemu nyembamba hivyo ikigusa jiwe kavu linalozunguka, sekunde chache zinatosha. Utaona rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Ikifika buluu, chuma kimekaribia nyuzi 300 na ugumu wake umekwenda. Kijana ataifuta ile buluu kwa msasa, akurudishie wembe mzuri wa kutazamwa ambao hautamenya hata embe. Na hakuna msasa unaorudisha ugumu.

Wengine hawana jiwe, wana maji ya betri, au wanalaza wembe kwenye ndimu usiku kucha. Kutu inatoka, ndiyo, na ngozi ya chuma inatoka nayo. Inabaki rangi ya kijivu iliyokufa, yenye vishimo.

Kutu yako wewe, kama ni nyekundu na inaacha unga kidoleni, ipake mafuta mepesi ya cherehani, uache siku nzima, kisha upanguse kwa kitambaa cha pamba kuelekea mgongo, siyo kuelekea makali. Rudia kesho yake. Ile rangi nyeusi iliyotulia iache ilivyo. Haili chuma, na wanunuzi wanaipenda. Usiufungie tena wembe ndani ya ngozi wala nailoni, hasa masika haya.

Sasa hiyo 1731. Tarehe 13 Juni mwaka ule Peter Henckels aliandikisha alama ya mapacha, wale vijitu wawili, kwa mafundi visu wa Solingen, Ujerumani. Kampuni imeiringia tarehe hiyo tangu zamani na kuiandika kwenye bidhaa zake. Ni siku ya kuzaliwa alama, wembe wako ulikuja baadaye sana, na uthibitisho unao mkononi: hizo herufi J. A. ni za Johann Abraham Henckels, aliyezaliwa 1771. Wembe wa 1731 ungebebaje jina la mtu ambaye angezaliwa miaka arobaini baadaye? Mchezo ni ule ule kwa Waingereza. Joseph Rodgers, watengeneza visu wa Sheffield, walijihesabu tangu 1682, na kuna watu hapa mjini waliokwisha kukosana na ndugu zao wakigombea wembe "wa 1682" ambao baba yao aliununua yeye mwenyewe dukani.

Na fedha? Silberstahl kwa Kijerumani ni "chuma cha fedha", kweli. Wanasayansi Stodart na Faraday huko London walijaribu kuchanganya chuma na fedha, wakatoa matokeo yao mwaka 1822: sehemu moja ya fedha kwa sehemu 500 za chuma. Jina likawapendeza wafanyabiashara, wakalibakiza. Fedha yenyewe hawakuitia. Chuma kinaitwa hivyo kwa sababu kinang'aa. Sonara akikuambia atakiyeyusha mgawane, mrudishie kofia yake.

Umri wa kweli tutafute kwa vitu vidogo. Kuchimba ubapa hadi uwe mwembamba hivyo kulienea mwishoni mwa karne ya 19. Union Minière ilianzishwa 1906, mji wetu 1910. Angalia nyuma ya shingo: neno Germany kwa Kiingereza liliwekwa kwa ajili ya masoko ya nje, baada ya sheria za Uingereza za 1887 na za Marekani za 1890 kudai nchi ya asili itajwe. West Germany haiwezi kuwa kabla ya 1949. Inox, rostfrei au stainless, yaani chuma kisichoshika kutu, haziwezi kuwa za kabla ya 1913. Friodur, jina la Henckels kwa chuma chao kilichogandishwa kwa baridi kali, ni ya 1939 na kuendelea. Kisha geuza kasha, utazame kama muuzaji alibandika karatasi yake: ikisema Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ni kabla ya 1966, ikisema Congo Belge, ni kabla ya 1960. Karatasi kama hiyo, mama, hapa kwetu mimi naithamini kuliko mng'aro wowote. Kama hakuna hata kimoja, uweke kati ya 1910 na miaka ya 1950, uishi nayo.

Bei: dola 2,000 isahau. Henckels walitengeneza nyembe kwa wingi mno. Wa kawaida wenye mpini mweusi, ukiwa mzima, Ulaya unauzwa dola makumi machache. Ukiwa na kasha lake, maandishi yote na ubapa usioliwa, unaweza kugusa mia. Tazama mgongo: kama umelala bapa na kuwa mpana, nkambo aliunoa sana, na bei inashuka. Ukiona ufa makalini, hata mwembamba kama unywele, ni wa kumbukumbu tu. Usimnyoe mtu nao.

Huyo mnunuzi wa elfu mbili nimeshakutana naye mara nyingi, yaani nimekutana na habari zake. Uso wake sijauona. Kazi yake ni kukufanya ulipe zile 20 za kung'arisha, kisha 30 za "cheti", kisha usafiri. Ni ndugu wa wale wanaozunguka wakiuliza vyerehani na redio za wakoloni, eti zina zebaki nyekundu ndani, kitu cha kubuniwa tu. Mwingine atataka kuchoma mpini kwa sindano ya moto ajue kama ni pembe. Mkatalie. Mpini mweusi wa zamani huenda ni seluloidi, plastiki ya zamani, nayo inashika moto kama njiti. Na akikuta mpini mweupe kwa jirani yako akaanza kunong'ona "pembe ya ndovu", jirani ajue kwamba biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na mnunuzi wa gizani atamwachia yeye kesi.

Mimi bei naitaja bure. Nipigie picha za shingo pande zote mbili, mchana, nje, bila taa ya simu, rula ikiwa kando. Na kama kijana ameshauchukua, mfuate leo. Aurudishe na kutu yake.