Kopi inatosha, ila inategemea nani kapewa kopi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukiingia makumbusho ukaonyeshwa nakala badala ya kitu halisi, umetapeliwa?", limenikuta pabaya maana juzi kati nimebishana na shemeji yangu kuhusu hilohilo. Yeye alienda makumbusho moja huko mkoani, akapiga picha weee na fuvu la Zinja, yule zamadamu wa Olduvai, baadaye ndo anaambiwa lile halisi aliloliokota mtafiti Mary Leakey 1959 liko Dar, Makumbusho ya Taifa. Alinuna njia nzima. Nikamwambia we ulitaka kitu cha miaka milioni 1.75 kizungushwe mikoani kama mwenge?

Sasa mimi suala la orijino au kopi halininyimi usingizi. Naangalia kama mtu akifika pale anasimama na kuanza kubisha, au anapita tu anatafuta soda.

Mfano shangazi yangu. Tulimpitisha makumbusho ya Olduvai tukitoka kreta ya Ngorongoro, na huyu ni mama aliyechunga ng'ombe tangu mdogo, kwahiyo zile zana za mawe hakuzipa hata dakika, "mawe si yapo hata nyumbani". Basi tukafika kwenye ile nakala ya nyayo za Laetoli. Wengi mnazijua, zile za miaka milioni 3.6, watu wa kale walipita kwenye majivu ya volkano, mvua ikanyesha kidogo, majivu yakaganda kama saruji, yakaja mengine yakafunika. Ziligunduliwa 1978, na zenyewe huzioni kirahisi, zilifukiwa zisiharibike, migunga ikaota pale juu na mizizi ikatishia kuzipasua, ikabidi ing'olewe na zifukiwe upya. Hapo ni kopi au urudi nyumbani.

Shangazi akainama. Kijana anayetuongoza kaanza kueleza, huyu mkubwa, huyu mdogo, wanakwenda sambamba, shangazi akamkata, "Subiri kwanza baba, huyu mkubwa siyo mmoja." Akanyoosha kidole, ona kisigino hiki kimeingia ndani ya kisigino kingine halafu huku mbele vidole vimezidi, kuna mtu yuko nyuma anakanyaga palepale alipokanyaga mwenzie, na sisi kwenye tope tunapita hivyohivyo. Yule kijana akacheka kweli, akasema mama umenimalizia stori, nilikuwa naelekea huko, hata wataalamu wanasema ni watatu. Heee, hapo ndo tukakoma. Shangazi akatanua mkono hewani akapima shubiri juu ya unyayo wa yule mdogo, unyayo haukufika shubiri, akasema huyu mtoto. Baba mmoja ambaye hata hatumjui akaingilia, kwa nini asiwe mwanamke mfupi? Kijana akaongeza kwamba Mary Leakey mwenyewe aliona kuna mahali yule mdogo kama alisimama, akageukia kushoto, kisha akaendelea na safari. Shangazi bila kufikiri: "Ameitwa." Sasa ugomvi ukawa ameitwa na nani, dereva anapiga honi huko nje, hakuna anayetoka. Yote hayo juu ya kopi jamani! Hakuna hata mmoja aliyeuliza hii ni orijino au feki, na kibao kimeandikwa.

Hapo ndo nilitaka kumalizia, kwamba hujatapeliwa, shemeji apunguze kununa. Ila nikiwa naandika nimemkumbuka yule mjusi wetu wa Tendaguru, dinosaria aliyepelekwa Ujerumani enzi za ukoloni, na damu imechemka kidogo. Mifupa imechimbwa Lindi 1909 mpaka 1913, kazi imefanywa na watu wetu chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini, leo mnyama amesimama makumbusho ya Berlin mita 13 na ushee kwenda juu. Na kichekesho, lile fuvu lililopo juu ya shingo pale Berlin nalo ni kopi, la kweli wameliweka pembeni maana huwezi kulining'iniza huko juu, na pingili kadhaa za mgongo hivyohivyo. Wajerumani wanapanga foleni wanakodolea kopi na hakuna anayenuna.

Sasa kama kopi inamtosha shangazi, si inawatosha na wao? Watengeneze mjusi mzima wa kopi, tena wana mashine nzuri kuliko sisi, orijino ije huku. Najua hoja yangu ya mwanzo inasema kinyume, kwamba sisi ndo tungeridhika na kopi. Hapana. Anayepewa kopi ya kitu cha kwake mwenyewe, na orijino iko ng'ambo, huyo ana haki ya kununa.

Ila msinichapishe kama mwanaharakati. Jengo la kumsimamisha yule mnyama Lindi bado silioni, na mifupa ikirudi ikae kwenye makasha miaka yote bora iendelee kukaa ilipo mpaka tujipange. Zinja naye abaki hukohuko Dar, sijabadilika hapo. Na kopi yoyote iandikwe KOPI, kwa Kiswahili, herufi kubwa, juu usawa wa macho na siyo kwenye kijikaratasi pembeni ya mlango, kwa ajili ya watu kama shemeji ambao hawasomi mpaka wamalize kupiga picha.