Kimya Baada ya Mahojiano ya Kazi: Maswali Kutoka Goma

Swali: Dada, nilifanya mtihani na mahojiano katika shirika moja la misaada, tukaagana vizuri, na sasa ni wiki ya 6 bila neno. Je, nimeshindwa? (Msomaji wa Himbi)

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Hapa Goma nafasi nyingi hutangazwa kabla fedha za mfadhili hazijafika, na zikichelewa, ofisi inayoajiri haiwezi kuahidi wala kukataa. Januari 2025 tuliyaona hayo kwa uchungu: tarehe 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na siku chache baadaye waasi wa M23 wakauteka mji na benki zikafungwa, hata miradi iliyokuwa ikitafuta watu ikasimama.

Sababu nyingine ni orodha ya akiba. Aliyekuwa wa kwanza hajatia saini, nawe wa pili unaachwa gizani makusudi, kwa hofu kwamba ukijua utatafuta kwingine. Nimefanya kazi ya kuajiri kwa miaka mingi, na desturi hii naiona ni dhuluma, kwa kuwa mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto anastahili kujua kama aendelee kungoja au ashike kazi ndogo aliyoipata. Ujumbe wa mistari miwili haumgharimu mwajiri chochote.

Swali: Waliwauliza waajiri wangu wa zamani habari zangu, kisha kimya. Kuna tatizo?

Jibu: Kwa kawaida huulizwa wale waliokaribia kuchukuliwa. Tangu 2019 mashirika kadhaa ya kimataifa huulizana pia kama mtu amewahi kuadhibiwa kwa unyanyasaji wa kingono, na baada ya wanawake wa Beni, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kunyanyaswa kingono na wafanyakazi wa misaada wakati wa Ebola, mimi naunga mkono uchunguzi huo hata ukichelewesha. Ikiwa ofisi uliyoitumikia imefungwa, toa anwani ya makao yake makuu mapema.

Swali: Nikiuliza, nitaonekana msumbufu?

Jibu: Hapana. Ngoja tarehe waliyokuahidi ipite, au wiki 2 kama hawakuitaja, kisha andika mara moja, ukitaja nafasi, namba ya tangazo na siku ya mahojiano. Usimtume mjomba anayefahamiana na mkubwa wa ofisi, wala usimlipe anayedai ataisukuma dosie (faili) yako. Wiki nyingine ikipita bila jibu, peleka maombi kwingine.