Seva yako inaskaniwa kila siku: hangaika na poti, si na wanaoskani

Seva yoyote ya Linux yenye anwani ya IP ya umma haikai sana kabla logi za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) hazijaanza kujaa majaribio ya kuingia kwa majina ya root, admin na test. Usidhani kuna mtu kakulenga wewe. Tangu 2013, ilipotoka ZMap, programu ya kuskani ya Chuo Kikuu cha Michigan, kompyuta moja yenye laini nzuri huweza kupita poti moja (mlango wenye namba ambao huduma husikiliza) kwenye anwani zote za IPv4 chini ya saa moja. Shodan, injini ya kutafuta vifaa vilivyo wazi mtandaoni, nayo hailali.

Kwa hiyo sihangaiki kuzuia IP mojamoja. Ukizuia hii, inakuja nyingine. Naangalia watakachokikuta.

Anza na `sudo ss -tulpn`, inayoorodhesha poti zilizo wazi na programu zake. Kila mstari wenye 0.0.0.0 au [::] kwenye safu ya Local Address ni huduma inayosikiliza kila upande. Hifadhidata inayotumiwa na programu ya humohumo ndani ibaki 127.0.0.1, yaani ndani ya seva tu. Kisha kwenye ufw, faiawoli ya seva yenyewe, `ufw default deny incoming`, ruhusu 80 na 443 za wavuti, na SSH iruhusu kabla ya `ufw enable`, la sivyo utajifungia nje.

Halafu kuna Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, na hapa wengi wanadanganyika. Ukiandika `-p 5432:5432`, kufungulia nje poti ya hifadhidata ya Postgres, Docker hujiwekea kanuni zake za iptables (kichujio cha pakiti cha Linux) na pakiti hazifiki kabisa kwenye kanuni za ufw. `ufw status` itakutuliza moyo, kumbe Postgres iko uchi. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`. Mtoa huduma wako akiwa na faiawoli iliyo nje ya seva, itumie pia. Hiyo Docker haiwezi kuigusa.

SSH iwe ya funguo tu, si nywila. Baada ya kuweka `PasswordAuthentication no`, hakikisha kwa `sudo sshd -T`, inayoonyesha mipangilio inayotumika kweli, maana faili lililo ndani ya sshd_config.d huweza kuitangua kimyakimya. Kuihamisha kutoka 22 hupunguza kelele za logi, basi. Programu ya kuskani poti, `nmap -p-`, hupitia poti zote 65,535. Mimi napendelea kuiweka nyuma ya WireGuard, VPN ambayo haimjibu kabisa asiye na ufunguo.

Mwisho jiskani mwenyewe kutoka nje, hata kwa intaneti ya simu: `nmap -Pn -p-` ikifuatiwa na IP ya seva, kisha urudie na `-6` kama seva ina IPv6. Ukikuta poti usiyoitambua, rudi kwenye `ss` ujue ni ya programu gani kabla hujaifunga.